Ukurasa Aliousoma Mkaguzi

Ofisini walimwita Mama Faili, wala si kwa kejeli. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa tarishi wa wakili mmoja mwanamke, na hakuna karatasi iliyowahi kupotea mikononi mwake. Ndiyo maana wakili alipotaka maelezo ya shahidi yafike mahakama ya mbali kabla ya saa nane mchana, hakutafuta mtu mwingine.

"Dada, hii isitoke mkononi mwako," alimwambia, akimkabidhi bahasha nene iliyopigwa lakiri nyekundu. "Jina la shahidi limo humo. Washtakiwa wakilijua, sitaki hata kufikiria."

Mama Faili aliipakata bahasha kama mtoto mwenye homa mpaka uwanja wa ndege. Kwenye ukaguzi aliiweka kwenye trei, akavuka lango, akasimama upande wa pili miguu peku, macho hayabanduki kwenye mashine. Bahasha haikutoka. Mkanda ulirudi nyuma, ukaenda mbele, ukasimama.

"Ya nani hii?" aliuliza mkaguzi, mwanamume wa makamo mwenye miwani. "Kuna chuma ndani. Tufungue."

"Ni vibanio vya karatasi, kaka. Hizo ni nyaraka za mahakama. Nina barua ya ofisi, isome kwanza. Na kama ni lazima ifunguliwe, basi si hapa mbele za watu."

Foleni ikaanza kuguna. Mzee mmoja aliyeshikilia suruali kwa mkono, kwa kuwa mkanda wake ulikuwa bado ndani ya mashine, alisema, "Mama, fanya hima, mimi hapa nakaribia kuumbuka." Watu wakacheka. Mama Faili hakucheka.

Msimamizi akaja, akasoma barua, akawapeleka kwenye chumba cha pembeni. Alikubali Mama Faili avunje lakiri mwenyewe, na mkaguzi apekue tu bila kusoma. Yule bwana akavaa glavu, akafunua karatasi moja moja. Palikuwa na vibanio tu. Lakini kwenye ukurasa wa tatu vidole vyake vilisita, midomo ikacheza.

"Huyu mama bado anakaa zile nyumba za reli?" aliuliza, kama mtu anayeulizia habari za jirani.

"Simjui," alijibu Mama Faili, akazikusanya karatasi zake. Msimamizi alizitia kwenye bahasha mpya, akaifunga, akagonga mhuri na kuandika kwamba ilifunguliwa kwa ukaguzi. Kwa utaratibu, hakuna lililoharibika.

Alikwenda kuketi akisubiri ndege. Pengine yule bwana aliwahi kupanga jirani na shahidi. Pengine ni mtu wa washtakiwa. Akinyamaza, hakuna atakayejua, na sifa yake ya miaka yote itabaki palepale. Abiria walipoanza kuitwa, alipiga simu.

"Mkaguzi ameliona jina," alisema. "Na anajua anakoishi."

"Panda ndege," akasema wakili. "Mengine niachie."

Mchana uleule shahidi, mjane aliyekuwa akifagia ghala ambamo watu wawili waliuawa, alihamishwa pamoja na wanawe watatu. Waliondoka na nguo walizovaa, nyingine wakaziacha kwenye kamba.

Bahasha ilifika saa saba na nusu. Miezi minne baadaye mjane alisimama mahakamani akasema aliyoyaona, na washtakiwa wakafungwa. Yule mkaguzi alihojiwa, hakukutwa na kosa. Mpaka leo Mama Faili hajui kama alimshuku mtu asiye na hatia.

Siku ya hukumu alimfuata mjane kwenye korido, akamweleza yote, akamwomba radhi.

"Kumbe ni wewe," mjane alisema. "Kitindamimba wangu ananiuliza kila siku tutarudi lini nyumbani. Nimwambie nini?"

Mama Faili alisimama naye ukutani pale mpaka gari la kumchukua lilipofika.