Bega Lililoumiza Jicho

Jumatatu, kwenye zahanati moja ya Majengo, tukiwa kwenye benchi tunasubiri zamu, aliingia mmachinga mwenye makoti ya mitumba kama kumi, yote yamelala kwenye bega la kushoto. Alimwambia mganga, mama wa makamo, kwamba jicho la kushoto linamuuma kwa nyuma tangu mwaka jana, naye anaona anapofuka. Mkewe hajui.

Mama hakugusa jicho. Aliyashusha makoti, akalibonyeza bega kwa kidole gumba.

"Hapo hapo, mama. Jichoni."

"Mimi nimeshika bega."

"Basi jicho limeshuka."

Akamweleza taratibu kuwa msuli unaobebeshwa kila siku hujikaza ukafanya fundo, na fundo hilo hupeleka maumivu mbali. Tiba yake ni kitambaa cha moto, kulibonyeza polepole, kunyoosha shingo, na kubadilisha bega.

"Na sindano?"

"Sindano ya kuhamisha makoti sijaletewa."

Benchi zima tulicheka, ingawa ungetuambia sisi tuondoke bila sindano, tungesema hatukutibiwa.

Yeye hakucheka. "Kwa hiyo sipofuki?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hupofuki, baba."

Akayahamishia makoti bega la kulia, akatembea kama aliyebebeshwa mtoto wa jirani. Mlangoni alisimama, akafumba jicho la kulia, akasoma tangazo la ukutani neno kwa neno: "Ni marufuku kufanya biashara eneo hili."

Kisha akanigeukia, akaniuliza navaa koti saizi gani.