Nzilani na Nusu ya Kitabu

Nzilani hakuwa mtu wa vitabu. Alisoma hadi darasa la pili, baba yake akamtoa shule achunge mbuzi, na tangu hapo kalamu aliishika siku ya kupiga kura tu. Nasema haya mapema kwa sababu siku hizi watu wa huku Mutomo wanamzungumzia kana kwamba alikuwa nabii. Alikuwa jirani yangu. Alipika muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, mzuri kuliko wa mtu yeyote upande wetu, alikuwa mkali kwa mbuzi na mpole kwa watoto, na kanisani alikaa benchi la nyuma kwa kuwa magoti yalimsumbua. Mumewe alikufa zamani. Alibaki na binti mmoja, Yvonne, ambaye alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani.

Mwanzoni Yvonne alipiga simu kila Jumapili. Halafu simu yake ikazimika. Wakala aliyempeleka alikuwa amehama ofisi yake ya Nairobi, na hakuna aliyejua alikohamia. Redioni tulisikia habari za wasichana wanaorudishwa nyumbani ndani ya masanduku, na Nzilani alipozisikia alizima redio akaenda kuteka maji. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami sikujifanya kuujua.

Sasa nieleze habari ya kitabu. Sisi wanawake wa kikundi hulima ndengu, na baada ya kuvuna hukutana kwenye stoo yetu kuzichambua kabla mnunuzi hajaja na lori. Unatoa mawe, unatoa zilizotobolewa na wadudu, unainama tangu asubuhi hadi shingo inakauka. Ili watu wasitoroke, tulijiwekea sheria. Mwongeli, ambaye mumewe ana duka la mbegu na ambaye alimaliza kidato cha nne, anatusomea hadithi tukiwa kazini. Kitabu hufungiwa ndani ya sanduku la bati pamoja na mizani, na hakifunguliwi pasipo ndengu. Anayetaka hadithi aje achambue. Sheria hiyo tuliiheshimu kuliko nyingine nyingi za kanisa.

Mwaka huo Mwongeli alileta riwaya ya zamani za wakoloni. Ilimhusu Syombua, mama wa Kikamba aliyebatizwa na wamisheni, ambaye mwanawe Mbuvi alichukuliwa kwa nguvu kwenda kubeba mizigo katika vita vya Wazungu. Syombua alifunika chungu chake kwa jiwe, akaapa kwamba hatakifunua wala kula hadi Mbuvi arudi. Wakati huohuo mvua ilikatika, nchi nzima ikashikwa na njaa.

Hakuna kitabu kilichotugombanisha kama hicho. Mzee wetu Ndululu, mwanamke aliyezika watoto wawili katika njaa za zamani, alikasirika kabisa. Alisema huyo Syombua ni mjinga, maana njaa ya Ukambani huja bila kuitwa, sasa wewe unaiendea na kuiita ndani? Waruguru, ambaye watu wake walitoka Nyeri wakaja kufungua hoteli hapa sokoni, aliwalaumu wamisheni walioona mama anakonda wakaendelea kumfundisha nyimbo. Wengine walilia. Mimi nilisema mwandishi ni mwanaume, inaonekana wazi, kwa kuwa katika kurasa zote hizo hakuna mahali Syombua anachota maji, na mtu asiyekula hawezi kupanda mlima na mtungi. Walinicheka, lakini nilikuwa sawa.

Nzilani hakutoa maoni. Alichambua ndengu zake, tena safi kuliko zetu. Mara moja tu alifungua kinywa. Tulifika mahali ambapo mpagazi mmoja anarudi akiwa kilema, anamwambia Syombua kwamba amemwona Mbuvi yuko hai, anapika uji kambini. Nzilani akasema, "Mwongeli, soma hapo tena." Mwongeli akasoma tena.

Siku iliyofuata lori likaja. Magunia yakapakiwa, kitabu kikarudi sandukuni zikiwa zimebaki sura tatu, tukaagana hadi mavuno mengine. Mvua ya Machi ikanyesha wiki moja ikakoma. Ndengu zilichipua, zikatoa maua machache, zikakauka zikiwa zimesimama. Hakukuwa na kitu cha kuchambua, kwa hiyo hakuna aliyefungua sanduku.

Nzilani alianza na Jumatano, siku ambayo kanisa letu hufunga. Hilo lilikuwa la kawaida. Akaongeza Ijumaa, na watu wakamsifu. Akaongeza siku nyingine, akabaki na chai ya rangi jioni, halafu nikaona moshi hautoki tena jikoni kwake. Nilipoingia nilikuta sufuria yake imefunikwa kwa jiwe.

Nilimpelekea uji, akashukuru vizuri, na nilipogeuka akawapa mbuzi. Nilimgombeza kama mtoto. Mchungaji alikuja akamwambia waziwazi kwamba Mungu hahongwi kwa tumbo, afungue. Akajibu, "Ndiyo, mchungaji," na hakufungua. Ukiwa na mtu mbishi unaweza kushindana naye, lakini mtu anayekukubalia kila kitu utamshika wapi? Nilimwuliza nani alimfundisha haya. Akasema Syombua alifunga na habari ya mtoto ikaja, yeye mwenyewe aliisikia kwa masikio yake, mara mbili, Mwongeli akisoma.

Ndipo nilipokwenda kwa Mwongeli nikamwambia afungue sanduku. Alisita, akasema wenzetu watauliza. Nikamwambia wakiuliza waje kwangu. Tulikaa nyuma ya duka akasoma zile sura tatu kimyakimya, kisha akashika kichwa. Syombua anakufa. Mbuvi anarudi baada ya mwezi mmoja, mzima, anakuta kaburi. Anachukua kile chungu anakivunja juu ya mawe ya kaburi, na anawauliza watu wa mji ule, mmoja mmoja, kwa nini walimwacha mamake afe wakati yeye alikuwa njiani. Kitabu kinaishia hapo.

Nilifurahi, nakubali. Niliona dawa imepatikana. Kama nusu ya kwanza ndiyo iliyomfunga, basi nusu ya pili itamfungua. Mchana huohuo tulikwenda. Nzilani alikuwa amelala kwenye mkeka mlangoni, mikono imebaki mifupa, macho yamekuwa makubwa. Mwongeli akaketi juu ya mtungi wa plastiki akasoma zote tatu, polepole, bila kuruka neno. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la uji tayari.

Nzilani alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatabasamu, na sikuwa nimeona tabasamu lake tangu simu ya Yvonne izimike.

"Kwa hivyo alirudi," akasema.

"Alikuta kaburi, Mama Yvonne," Mwongeli akamwambia. "Hukusikia? Alikuta mamake amekufa."

"Nimesikia. Lakini alirudi. Na miguu yake mwenyewe."

Nikamwambia kitabu kinasema kufunga vile ni makosa, mtu alikiandika ili watu wasifanye hivyo. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Akasema mwandishi huyo labda hana mtoto. Kisha akaomba tumgeuze upande wa ukuta, jua lilikuwa linamuumiza macho.

Kesho yake tulimbeba hadi hospitali kwa nguvu, yeye akiwa hana nguvu za kukataa. Madaktari walifanya waliyoweza. Mwili uliokaa muda mrefu bila chakula, walituambia, hauwezi kukipokea hivihivi. Alikufa siku ya tatu, mchana, Ndululu akimshika miguu. Tulimzika kando ya mumewe.

Yvonne alifika Novemba. Alishuka sokoni na begi moja, amekonda kidogo lakini mzima, akauliza wenye maduka kwa nini wanamtazama hivyo. Waruguru ndiye aliyemwambia. Nilimkuta ameketi chini kwenye sakafu ya hoteli na begi likiwa bado begani.

Jumapili kanisa lilijaa. Habari ilikuwa imefika hadi Kyuso, na watu walitaka kumwona binti aliyerudishwa kwa mfungo. Kitabu chetu kilikuwa kinatafutwa na wanawake ambao hawajawahi kushika ndengu. Mzee wa kanisa Mbaluka alihubiri juu ya mbegu inayokufa ili izae, akamwita Yvonne mbele atoe ushuhuda wa yale Bwana aliyomtendea kupitia mama yake. Mchungaji aliinamisha kichwa, na nadhani aliona aibu.

Yvonne alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Walininyang'anya simu," akasema. "Mwenye nyumba hakutaka tupige. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Miaka miwili imeisha, wakanipa pasipoti na tiketi, nikarudi. Ningerudi siku hiyo hiyo hata kama mama angekuwa anakula. Ningemkuta."

Nilifikiri, sasa wamesikia. Niliona Ndululu anatikisa kichwa kukubali, na Mwongeli amefunika uso kwa leso.

Kisha mtu mmoja huko nyuma akasema, "Amen." Mwingine akaitikia, na mwingine, hadi kanisa zima likawa linasema Amen, wanawake wamesimama, mikono juu, na kwaya ikaanza wimbo wa shukrani. Yvonne alibaki amesimama mbele yao na kipaza sauti, akiwatazama mmoja mmoja.