Ukurasa wa Tisa

Kila asubuhi mwandishi hushika simu kabla hajashika mswaki. Husimama dirishani, amekipakata kitabu chake kama mtoto mchanga, akasoma ukurasa wa tisa, uleule wa jana na juzi, kwa sauti ya mtu anayetangaza sabuni. "Siku hizi watu hawanunui kitabu, wanamnunua mwandishi," humwambia mkewe anayemrekodi kwa simu hiyo, video ya kurusha mtandaoni. "Basi mwandishi akanawe uso kwanza," mkewe humjibu. Nakala anayotembea nayo imechakaa ukurasa huo tu. Kurasa nyingine bado zinanukia wino.

Jana, mlangoni mwa duka la vitabu, mama mmoja wa makamo alimshika mkono. "Mwanangu, kitabuni mwako, pale binti anapoziacha funguo kizingitini kwa mama yake, nililia. Kwa nini hakubisha hodi?" Mwandishi akamkodolea macho. Funguo zipi tena? Akafungua kitabu atafute. Kikafunguka chenyewe ukurasa wa tisa. Alipoinua uso, yule mama alikuwa analia upya. Hapo mwandishi akachangamka. "Usijifute kwanza, mama," akasema, akipapasa mfuko kutafuta simu. "Sogea hapa penye mwanga."