Shujaa Halii Mbele ya Mgeni Rasmi

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa Minneapolis, Marekani, nikisomea tamthilia za wanamapinduzi, za Kijerumani na za kwetu. Niliwaonea gere Wajerumani, sifichi. Mwanamapinduzi wao jukwaani anaogopa, anachoka, anawachoka hata wenzake, kisha anakwenda kukatwa kichwa hivyo hivyo na watu wanamlilia. Ila wakimwandika mwasi wa Kiafrika, basi, ngoma na makelele tu. Na sisi je? Sisi ndio kabisa! Shujaa wetu anapanda juu ya jiwe, anahutubia kama mkuu wa wilaya.

Mama alikuwa amekuja kutoka Songea kumlea mjukuu. Babu yake alinyongwa na Wajerumani wakati wa Maji Maji, na aliyempelekea chakula gerezani ni binti yake wa miaka minane, yaani mama yake mama. Siku ile mzee alilia. Mikono ilimtetemeka hata akashindwa kufunga shuka lake, binti akamfunga. Kesho yake alikwenda kunyongwa kwa miguu yake mwenyewe, bila kusukumwa.

Nikaandika igizo, na moyo wake ulikuwa hapo: baba, binti, shuka. Nilipomsomea mama alijifunika uso kwa khanga.

"Haya," akasema. "Nitamwona mama yangu."

Profesa wangu alikunja uso. Shujaa huyu ni Mzungu mno, alisema, hofu hii umeiazima kwenye vitabu vya Ulaya. Ngoma ziko wapi? Lo! Hofu ya ukoo wangu, nimeiazima!

Nikalipeleka kwa Watanzania wenzangu, liigizwe kwenye sherehe yetu ya Uhuru, katika ukumbi mmoja kule Hopkins. Mwenyekiti wa kamati, mtu wa kompyuta anayekaa Maple Grove, ndiye angekuwa shujaa.

"Kaka, shujaa halii mbele ya mgeni rasmi," akaniambia. "Watoto wetu wanaona Waafrika wakilia kwenye TV kila siku. Na sisi tuwaongezee? Weka hotuba pale."

Nilibisha wiki mbili. Ya tatu nikakata onyesho lile la baba na binti, nikaweka hotuba. Tusidanganyane, hakuna aliyenishika mkono. Nilitaka makofi.

Niliyapata. Mwenyekiti alihutubia akiwa na kitanzi shingoni, mishipa imemtoka, vigelegele vikapasua ukumbi. Mgeni rasmi alisimama. Watoto walipiga miluzi. Nikainama kushukuru, nikiwa na furaha ya kijinga ambayo mpaka leo naionea haya.

Mama alikuwa mstari wa mbele, amevaa kitenge chake kipya. Watu walishaanza kupanga foleni ya pilau, yeye hajainuka. Macho yake yalikuwa bado jukwaani.

"Mama, tukale."

"Subiri kwanza," akasema. "Mama yangu hajatoka."

Sikuwa nimemwambia. Wiki nzima tulikula meza moja, na sikumwambia.

"Mtoto aliyekuwa amwigize ameugua," nikasema.

"Masikini," akasema mama, akajifunga khanga yake vizuri ainuke. "Mpelekee pilau, mwanangu. Mwambie nimempa pole."