Mtoto wa Miezi Mitatu Mwenye Presha

Leo nimempima mtoto wa miezi mitatu ambaye presha yake inaishinda ya bibi yake.

Daktari alidhani mashine mbovu. Akabadilisha mkanda, akapima tena. Vile vile.

Ndipo mtoto akaletwa kwangu, chumba cha ultrasaundi hapa Chake Chake, na mama yake na bibi yake mzaa baba kutoka Kojani.

Bibi akasita mlangoni. "Mwanangu, hii si ya waja wazito? Mjukuu wangu huyu mwanamme!"

Mama mtu akainama kwa haya. Nami nikajizuia kucheka.

"Nnatazama figo, bibi."

Figo ya kushoto ilikuwa nzima. Ya kulia ndogo, na mshipa unaoipelekea damu umebana.

Nikamwita daktari. Akatazama kioo, akasema, "Presha inatoka hapa. Ataanza dawa leo, kisha tumpeleke Unguja kwa mabingwa."

Mama akauliza taratibu, "Kwa hiyo kulia kule kutwa si deko?"

"Si deko. Anaumwa," daktari akamjibu.

Mama hakumtazama mkwewe. Bibi akavua mtandio wake, akamfunika mjukuu, akasema, "Unguja nnakwenda nanyi."

Nyinyi mlijua mtoto mchanga hupata presha?