Siku Nilipovua Viatu Shambani kwa Mzee Eliakimu

Jamani, kuna aibu mtu anaweza kwenda nayo kaburini, na kuna aibu ambayo nusu ya kijiji chetu cha Akheri iliiona kwa macho yake. Yangu ni hiyo ya pili, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine wameitia chumvi.

Enzi hizo Mwingereza bado ndiye mwenye nchi. Mimi, mtoto wa hapa hapa Akheri, nilikuwa nimemaliza chuo kikuu nikapata kazi kwenye kundi la utafiti la Profesa mmoja Mwingereza, mtu wa fizikia, mrefu, mwekundu, mpole hadi utakapogusa vyombo vyake. Tulikuwa watatu tu: Profesa, Fundi Salimu wa Tanga aliyetengeneza vyombo vyote kwa mikono yake, na mimi msaidizi. Kazi yetu ilikuwa kupima nguvu ya sumaku ya dunia kuuzunguka Mlima Meru, na upande wa Momela tulikuwa tumeshamaliza.

Chombo chenyewe kilikuwa sindano nyembamba iliyoning'inizwa kwa uzi wa hariri ndani ya kisanduku cha shaba, na adui yake ni mmoja tu, chuma. Ukiisogelea na kisu, na funguo, hata na bizimu ya mkanda, inakugeukia wewe na kuisahau dunia. Kwa hiyo kwetu kukaa bila chuma ilikuwa kama dini. Profesa alifunga suruali yake kwa kamba ya katani (profesa mzima!), Salimu alivaa makubazi yaliyoshonwa kwa uzi, na mimi nilikuwa na raba zangu za kitambaa.

Sasa, Jumamosi ile tulikuwa tunakwenda kupima kwenye shamba la kahawa la Mzee Eliakimu, mzee wa kanisa, na huyo Mzee Eliakimu ndiye baba yake Naomi, na kwa Naomi nilikuwa nimepeleka posa, na posa haijajibiwa. Ningevaaje raba? Nikavaa viatu vyangu vyeusi nilivyonunua mjini Arusha, vile vyenye kipande cha chuma kisiginoni, ukikanyaga jiwe vinalia ko! ko! hadi watu wanachungulia dirishani. Nikajiambia nitaingia navyo, wakwe wavisikie, halafu nitavivua kabla ya kukikaribia chombo.

Vilisikika, hilo halina ubishi. Ila nilipofika uani na kuinama nivivue ndipo nilipozikumbuka soksi. Vidole gumba vyote viwili vilikuwa nje, na kisigino hakikuwepo kabisa. Na pale kwenye mikeka wamekaa mama yake Naomi, mashangazi, na majirani waliokuja kumwona Mzungu. Nikainuka taratibu kama mtu aliyekuwa anaokota kitu. Nikasema moyoni, aa, chuma chenyewe kidogo, nitasimama mbali mbali.

Na hapo mkumbuke kwamba msachi wa chuma, wa kuwapekua watu wasikikaribie chombo nacho, ni mimi! Nilimvua Mzee Eliakimu, mzee wa watu, mkanda wake, akabaki ameshika suruali kwa mkono. Nikachukua kisu chake, nikachukua miwani yake, nikamhubiria sumaku ni nini. Alinisikiliza, kisha akanivuta pembeni akaniambia kwa Kimeru, "Mwanangu, niambie kweli. Hawa hawatafuti kitu ardhini?"

Hakuwa anauliza mchezo. Watu wa upande wa pili wa mlima walikuwa wametolewa mashambani mwao, nyumba zimechomwa, ardhi wapewe walowezi, na kila Mzungu aliyekuja na chombo cha miguu mitatu alitazamwa kwa jicho hilo. Nikamwapia, "Hakuna, baba. Wanapima tu. Shamba ni lako."

Profesa akainama kwenye kisanduku, akaniita nisimame karibu niandike namba. Nikasogea. Sindano ikaruka! Profesa akafuta miwani yake ya fremu ya pembe, akatazama tena. Akaamuru tuhame hatua chache, na mimi ndiye mbeba mwavuli wa mianzi wa kukikinga chombo na jua, kwa hiyo nikahama nacho. Ikaruka tena. Tukahamia kwenye migomba, tukahamia karibu na mfereji, na kila tulipokwenda chuma kipo (kingekosaje, kimevaliwa!). Salimu akakifungua kisanduku, akakikagua, akaapa kwamba ni kizima. Mimi najiambia sasa hivi nitasema, sasa hivi.

Profesa akanitangulia. Uso umemng'aa kwa furaha, akainua mikono juu na kile Kiswahili chake, "Eliakimu! Chini ya shamba yako iko chuma mingi sana! Jumatatu mimi naambia Bwana Shauri kule Boma!"

Mama yake Naomi akajishika kichwa. Mzee Eliakimu hakumtazama Profesa hata kidogo, alinitazama mimi.

"Uliniapia," akasema.

Wallahi, nilitamani kukimbia. Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja, na wakubwa wa serikali pale Boma wakishaandika neno chuma kwenye shamba la mtu, nani atawafutia? Nikakaa chini kwenye majani ya migomba, mbele ya wakwe, nikaanza kufungua kamba.

"Profesa," nikasema, "chuma ni mimi."

Viatu vikatoka, na vidole vikatoka navyo. Shangazi mmoja akapiga kelele, "Wee! Kumbe na wao wamekuja kumwona Mzungu!" Basi watu walianguka, wengine walilia kwa kucheka, na nilimwona Naomi mlangoni amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatetemeka. Salimu akavichukua viatu kwa ncha za vidole akavipeleka mpaka barabarani, huku akisema, "Juu chuo kikuu, chini chekechea!"

Profesa alikuwa amewiva kama pilipili. Akainama, akapima. Akahama, akapima. Kwenye migomba, kwenye mfereji. Sindano imetulia tuli.

"Hakuna chuma," akasema kwa huzuni. "Hakuna kitu kabisa."

"Hebu mwambie aseme tena," Mzee Eliakimu akaniambia.

"Hakuna kitu!"

Sijapata kuona mtu akifurahi hivyo kuambiwa hana mali. Mzee aliinua mikono, akasema "Bwana asifiwe" akasahau kwamba mkanda ninao mimi, ikabidi aidake suruali kwa mikono miwili, na watu wakaanza kucheka upya, safari hii na yeye mwenyewe. Nami pumzi niliyoishusha pale, jamani, naona hadi leo sijashusha nyingine kama ile.

Nilipomrudishia mkanda hakucheka tena. Aliufunga polepole.

"Ungeweza kunyamaza," akasema.

"Ningeweza, baba."

Akavitazama vidole vyangu kwa muda.

"Nenda kanawe miguu," akasema, "uingie ndani. Loshoro ya mahindi na maziwa mgando iko tayari, na mkwe hali uani."

Tangu siku hiyo, kabla sijamsachi mtu yeyote, ninaanza na miguu yangu mwenyewe.