Dagaa Waliosingiziwa

Kila nikinusa karanga zikikaangwa pale stendi ya Kahama, mkono wangu hunyanyuka wenyewe kutafuta shingo. Hakuna panapowasha. Ni mazoea tu, tangu miaka ya hamsini.

Mimi, Kabula, nilikuwa na miaka saba hivi. Mabaka yalinitoka ghafla, yamevimba kama nimeguswa na upupu, yakahama kutoka shingoni hadi mapajani, kisha yakapotea kabla ya jua kuzama. Bibi mzaa baba alikuwa na jibu tayari. Mama alitoka Nkome, ziwani, na ndugu zake walimletea dagaa.

"Mama Kabula, sisi ni watu wa ng'ombe. Hayo madudu yenu ndiyo yanamkataa mtoto. Akivimba tena, utarudi kwenu na kapu lako."

"Nimesikia, mama."

Baba alitazama ng'ombe wake. Mimi sikulia. Maneno yale niliyasikia kama yanasemwa nyumba ya jirani.

Mama aliwaondoa dagaa kwenye chakula changu. Akanikata kucha, akanivua kaniki ngumu na kunifunga kanga iliyochakaa, akaniweka mbali na moto, akanikanda kwa kitambaa cha maji ya mtungi. "Usikune. Gonga kwa kiganja." Wajukuu zangu nawafanyia hivyo hivyo, nanyi mtaweza. Ila midomo ikivimba au pumzi ikibana, kimbilieni hospitali.

Mabaka yakarudi. Mama akaondoa maziwa, kisha maharage, kimoja kimoja, akingoja siku kadhaa. Chungu cha Bibi hakukigusa. Mkwe hachungulii chungu cha mama mkwe. Humo Bibi alinipikia michembe, viazi vyetu vikavu, kwa karanga.

Asubuhi moja niliamka salama, nikala kwa Bibi, nikavimba. Mama alifunga kapu, akaliweka mlangoni. Bibi akanishika kidevu.

"Mama yako amekulisha nini?"

"Sijala kwa mama. Nimekula michembe yako, Bibi."

Alikitazama chungu chake. Kisha akalibeba kapu mwenyewe, akalirudisha ndani.

"Mama Kabula, dagaa wamebaki?"

"Wamebaki, mama."

"Basi wapike."

Hakuna aliyeomba radhi. Nilikaa palepale, sikufurahi wala sikuhuzunika.

Bibi alipenda karanga kuliko nyama, lakini harufu ya kuzikaanga haikusikika tena kwetu. Nilidhani shamba limezikataa. Nilikwisha kuwa mama wa watoto wawili shangazi aliponiambia kwamba zilistawi kila mwaka. Bibi alikuwa akizilia kwa jirani, akisukutua na kunawa hadi viwiko, ndipo arudi nyumbani kunishika.